Mama na Watoto: Jua Limeyapeleka Wapi Maji?

Mama mpendwa,

Mwezi huu nataka tuongee habari ya maji. Sisemi habari ya kuyabeba kichwani wala ya kuyalipia bili, bali yale maswali ambayo watoto hutuuliza mikono yetu ikiwa imejaa povu la sabuni, nasi tukawajibu neno lo lote ili tuendelee na kazi. Naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Siku moja nilikuwa nikianika kanga uani, na kitinda mimba wangu, wakati huo akiwa na miaka sita, alikuwa akinipa vibanio. Alasiri tuliporudi kuanua, akaishika kanga, akaiona imekauka, akaniuliza, "Mama, maji yaliyokuwa kwenye kanga yamekwenda wapi?" Nikamjibu bila kufikiri, "Jua limeyanywa." Akanyamaza. Nikadhani ameridhika.

Ulikuwa mwaka 2022. Mwezi wa Oktoba mvua za vuli zikachelewa, mto Ruvu ukapungua sana, na hapa Dar es Salaam tukaanza kupata maji kwa mgawo. Ndoo zikapangwa mstari ukumbini, na kila kikombe kikawa na hesabu yake. Siku moja nikifagia chini ya kitanda cha watoto nikakuta chupa tisa zimejaa maji, zimefunikwa kwa kanga yangu kuukuu. Nikamwita kwa ukali. Akaanza kulia. "Nimeyaficha ili jua lisiyaone," akasema. "Limeshakunywa mto. Likimaliza litakuja kunywa na haya yetu, halafu tutakufa."

Nilitaka kucheka, lakini kicheko kilinikauka nilipoutazama uso wake. Ndipo nilipokumbuka kwamba kwa siku kadhaa alikuwa akiamka usiku na kwenda kuchungulia ndoo. Mtoto alikuwa amebeba hofu kubwa peke yake, na mimi ndiye niliyemtwisha kwa maneno mawili tu.

Jioni ile dada yake, aliyekuwa darasa la sita, akaleta daftari lake la sayansi, tukaketi wote mkekani. Juma zima tulifanya majaribio kwa vyombo vya jikoni. Nakuandikia hapa yale yaliyotufaa, nawe ujaribu na wanao.

Maji hayakunywewa, yamegeuka

Anza na sakafu. Mwaga maji kidogo, nusu kikombe tu, kwenye sakafu ya saruji yenye jua. Mpe mtoto chaki achore mstari kukizunguka kidimbwi. Baada ya muda kidogo arudi achore mstari mwingine, na tena, na tena. Ataona duara ndani ya duara, kila moja dogo kuliko la kwanza, mpaka maji yaishe kabisa. Muulize: "Je, umeona mtu akiyanywa? Umeona yakitiririka?" Hakuna. Maji yamepanda hewani kidogo kidogo, yakiwa katika vipande vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona. Huo ndio mvuke, na kitendo hicho walimu hukiita uvukizaji.

Kisha chukua vitambaa vitatu vya ukubwa mmoja, vilowe pamoja na kukamuliwa sawasawa. Kimoja kianikwe juani kikiwa kimetandazwa. Cha pili kitandazwe kivulini penye upepo. Cha tatu kiviringwe kama mpira na kuwekwa juani. Kwetu cha kwanza kilikauka mapema, cha pili kikafuata, na kile cha mviringo kilikuwa bado kibichi ndani hadi jioni. Mtoto mwenyewe ataona kwamba jua husaidia, upepo nao husaidia, na kutandaza nguo husaidia zaidi ya tulivyodhani. Wangu alistaajabu kwamba hata kivulini, ambako jua halifiki, kitambaa kilikauka. "Kumbe si jua linalokunywa," akasema. Hapo nikaona mlango umefunguka.

Kuna jambo lingine la kumwonyesha. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto kutoka pale yalipokuwa. Ndiyo maana mtoto hutetemeka akitoka kuoga upepo ukivuma, na ndiyo maana jasho hutupoza. Na mtungi wa bibi hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo: maji hupenya polepole kwenye udongo wa mtungi, yanafika nje, yanageuka mvuke na kuondoka na joto, na yale yaliyobaki ndani yanakuwa baridi. Bibi zetu hawakuwa na jokofu, lakini walijua la kufanya.

Chupa inayotoka jasho

Sasa tuende upande wa pili. Mvuke ukikutana na kitu cha baridi hurudi kuwa maji. Walimu hukiita kitendo hiki utonesho. Mtoto ameshakiona mara nyingi bila kujua: chupa ya soda ikitolewa kwenye jokofu, mara inalowana nje.

Mwanangu alikuwa na hakika kwamba chupa inavuja. Usibishane naye, mpe ushahidi. Tulijaza bilauri juisi nyekundu ya rozela iliyokuwa baridi sana, tukaifuta vizuri nje, tukaiweka mezani. Baada ya dakika chache matone yakajitokeza. Nikamwambia ayafute kwa kitambaa cheupe. Hakuna wekundu. Akalamba kidole: hakuna sukari. Basi maji yale hayakutoka ndani ya bilauri, yametoka hewani. Hewa ya chumbani, aliyodhani ni tupu, ilikuwa na maji ndani yake muda wote. Na huenda mengine ni yale ya kanga ya jana.

Umande wa asubuhi kwenye majani ni jambo hilo hilo. Usiku majani hupoa, na mvuke ulio hewani huyatulia juu yake kama matone. Ukungu wa Lushoto na wa Njombe nao ni matone madogo mno yanayoelea. Ni wingu lililoshuka hadi mlangoni.

Mvuke wa jikoni si wa kuchezea

Mama mwenzangu, hapa naomba usimame kidogo. Watoto wakishaipenda habari ya mvuke watataka kuusogelea. Jaribio la sufuria lifanye wewe mwenyewe, na watoto wasimame mbali.

Maji yakichemka, inua mfuniko na kuwaonyesha matone yaliyojipanga upande wa ndani. Uinue kwa kuelekeza mdomo wa sufuria upande usio wako, ili mvuke utokee huko. Waonyeshe pia birika: karibu kabisa na mdomo wake pana nafasi ambapo huoni kitu, kisha mbele kidogo unaona moshi mweupe. Ile nafasi isiyoonekana kitu ndiyo mvuke wenyewe. Weupe ule ni mvuke uliokwisha kupoa na kuwa matone. Kwa hiyo pale mtoto anapoona hakuna kitu ndipo penye hatari kubwa.

Mvuke huunguza vibaya kuliko hata maji yanayochemka, kwa sababu unapoigusa ngozi hugeuka maji na kuliachilia pale pale joto lote ulilokuwa umelibeba. Mtoto akiungua, mwondoe kwenye joto, vua nguo na bangili zilizo karibu na jeraha isipokuwa zilizogandamana na ngozi, kisha mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usitumie barafu. Usipake dawa ya meno, mafuta, asali wala unga. Vitu hivyo huzuia joto kutoka na huleta uchafu. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke kituo cha afya ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, ikiwa limefanya malengelenge, au limeshika uso, mikono, miguu au sehemu za siri. Mtoto mchanga apelekwe hata kwa jeraha dogo. Siku za mgawo wa maji, weka ndoo moja safi karibu na jiko kwa ajili hiyo.

Kwa nini mvua haina chumvi?

Swali hili liliulizwa na binti yangu mkubwa. Tunaambiwa mvua hutoka baharini, na bahari ina chumvi. Mbona mvua haina?

Koroga kijiko cha chumvi katika maji kidogo ya moto, mimina kwenye sahani bapa, iache juani. Siku ya pili au ya tatu maji yote yameondoka, na sahani imebaki na fuwele nyeupe. Maji yanaposafiri hewani huacha mizigo yake nyuma. Kwenye lita moja ya maji ya bahari mna karibu gramu 35 za chumvi, nayo hubaki baharini maji yanapopanda. Wavunaji wa chumvi wa Bagamoyo huishi kwa jambo hili: huingiza maji ya bahari katika mabwawa ya kina kifupi, jua na upepo huyaondoa maji, nao hukwangua chumvi iliyobaki.

Na yale magadi tunayotia kwenye makande? Ziwa Natron, kule kaskazini, lina mito inayoingia lakini hakuna unaotoka. Maji huingia na kuondoka kwa njia ya hewani tu, na magadi yaliyoletwa na maji hubaki, mwaka hadi mwaka. Jirani zetu wa Kenya wana Ziwa Magadi la namna hiyo hiyo, na wamekuwa wakivuna magadi yake kwa zaidi ya miaka 100. Mwambie mtoto kwamba sufuria ya jioni ina kipande cha habari hiyo ndani yake.

Mvua ndani ya beseni

Hili ndilo jaribio lililomponya mwanangu hofu, nami nakusihi usiliache. Unahitaji beseni, kikombe kifupi kizito, kipande cha nailoni safi inayoonyesha ndani, kamba, na kijiwe kidogo.

1. Mimina beseni maji yaliyochemshwa na kupozwa, kina cha vidole viwili, uyatie chumvi mpaka yawe machungu.

2. Weka kikombe kisafi na kikavu katikati. Maji yasiingie ndani yake.

3. Funika beseni kwa nailoni, funga kamba pembeni ili hewa isipite.

4. Weka kijiwe juu ya nailoni, pale juu ya kikombe, ili nailoni ibonyee kidogo bila kukigusa.

5. Weka juani tangu asubuhi hadi alasiri.

Baada ya muda nailoni itajaa ukungu kwa ndani, kisha matone. Matone yatakutana, yatakuwa mazito, yatateleza mpaka penye kijiwe na kudondoka kikombeni: ndo, ndo, ndo. Jioni utapata maji kidogo katika kikombe. Mwanangu akayaonja. Hayakuwa na chumvi. Akatazama beseni, akatazama juu, akasema polepole, "Mama, beseni ni bahari. Nailoni ni wingu." Sikuwa nimemwambia.

Kutoka baharini hadi bombani kwetu

Ukishafika hapo, mtoto yuko tayari kusikia safari yenyewe. Jua hupasha Bahari ya Hindi, maji hupanda yakiwa mvuke. Upepo huusukuma mvuke huo bara. Unapofika milima ya Uluguru, yenye vilele vya zaidi ya mita 2,600, hewa hulazimika kupanda. Na kadiri hewa inavyopanda ndivyo inavyopoa, karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Mvuke hushika vumbi na chembe ndogo za chumvi zilizomo hewani, ukawa matone madogo mno. Hilo ndilo wingu. Matone hayo hukutana na kuungana, maelfu kwa maelfu, hata kufikia milioni, ndipo linapatikana tone moja la mvua.

Mvua huanguka milimani. Mengine hunyonywa na mizizi ya miti na kurudi hewani kupitia majani. Funga mfuko wa nailoni kwenye tawi lenye majani asubuhi, na mchana utakuta maji ndani ya mfuko. Mengine huzama ardhini na kutoka polepole kwenye chemchemi. Mito hukusanyika ikawa Ruvu. Sehemu ya Ruvu huvutwa na mitambo na kuletwa mabombani Dar es Salaam, na iliyobaki hurudi baharini karibu na Bagamoyo, pale pale kwenye mashamba ya chumvi. Safari imekamilika, na inaanza tena.

Ndugu zetu wa Mwanza na Bukoba waonyeshe ziwa lao. Maji mengi yanayoingia Ziwa Victoria hayaletwi na mito, bali huanguka kama mvua juu ya ziwa lenyewe. Na yanayoondoka kwa kupanda hewani ni mengi kuliko yanayotoka kwa mto Nile.

Lakini mwanangu alikuwa na swali lililobaki, na lilikuwa la haki: "Kama maji hurudi, mbona mwaka huu hayajarudi?" Safari hii sikukimbilia jibu. Nilisema, "Sijui, tutafute." Tulilolipata ni hili. Mwaka 2022 Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na ubaridi kuliko kawaida, na upande wa Indonesia na Australia ilikuwa na joto. Penye joto mvuke hupanda kwa wingi, na mvua ikanyesha huko. Mwaka huo huo Australia ilipata mafuriko makubwa wakati sisi tunapanga ndoo. Mwishoni mwa mwaka 2023 mambo yaligeuka: bahari ya upande wetu ikapata joto, na vuli ikanyesha kupita kiasi, hata sehemu nyingi za Afrika Mashariki zikafurika. Maji hayakuwa yamekwisha. Yalikuwa yamenyesha kwingine.

Basi kwa nini tusiyamwage?

Jiandae, maana swali hili litakuja. Mtoto akishajua kwamba maji hayapotei ataacha bomba wazi na kukuambia yatarudi. Mweleze kwamba maji hurudi, lakini hayarudi kwa mtu ye yote kwa jina lake. Tone likipanda hukaa hewani karibu siku tisa, na katika siku hizo huweza kusafiri mbali sana. Tena karibu sehemu 97 katika kila 100 za maji ya dunia ni ya bahari, yenye chumvi. Yale matamu tunayoweza kuyafikia kwa urahisi hayafiki sehemu moja. Ndoo iliyo safi, iliyofika nyumbani, ni kazi kubwa iliyokwisha kufanyika. Tukiimwaga hatuipunguzii dunia maji, ila tunajinyima sisi wenyewe na jirani anayesubiri zamu yake bombani.

Na misitu ya milimani? Ndiyo inayoyashika maji ya mvua yasikimbie yote kwa siku moja. Anayekata miti ovyo Uluguru anagusa ndoo zetu hapa mjini.

Jambo moja la ghala

Kabla sijaweka kalamu chini, wewe uliye na mahindi uani, elimu hii itakufaa. Mahindi yakiwekwa ghalani kabla ya kukauka vizuri, unyevu wake hutoka, hukutana na ubaridi wa usiku, hugeuka matone ndani ya gunia, na kuvu huota. Kuvu wengine hutengeneza sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Pima hivi: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi kiasi cha robo pamoja na vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani. Funga, tikisa kwa dakika chache, acha itulie robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado mabichi. Yarudishe juani, yakiwa juu ya turubai na si juu ya udongo. Chumvi isiposhika, yamekauka.

Nimalizie kwa zile chupa tisa. Siku ya nne ya majaribio yetu mwanangu alizitoa chini ya kitanda mwenyewe, mbili mbili, akaja nazo jikoni. "Pikia," akaniambia. Sita tulipikia na kunywea baada ya kuyachemsha maji yake. Tatu aliomba amwagilie mchicha ulio nyuma ya jiko, nami sikumkatalia ingawa siku hiyo bomba lilikuwa kavu. Usiku ule hakuamka kuchungulia ndoo.

Mvua ilipokuja, alitoka nje na kikombe, akakiinua juu kwa mikono miwili. Nilitaka kumwita aingie asije akapata mafua. Nikamwacha kidogo.

Mama mpendwa, mtoto akikuuliza jambo usilolijua, usione haya kusema hujui. Heshima yako haipungui. Lakini ukimpa jibu la kumnyamazisha, huenda akanyamaza nalo moyoni muda mrefu kuliko unavyofikiri. Wakati mwingine inafaa kutazama hata chini ya kitanda.

Hadi mwezi ujao, wabusu watoto kwa niaba yangu.

Mama mwenzenu